Susu

Paa la Lada yangu ni bati jembamba kama ganda la yai.
Nibaldo wa gereji alishika keekee, akanitazama.
Nikamwambia, weka chini. Tundu moja hapo juu
na mvua ya Aysén itapajua kabla ya Jumapili,
kutu itafuata, kama mbwa afuatavyo mchinjaji.

Nilianza na vishikio, vile ambavyo abiria
hushikilia roho yake gari likivuka maji Ñirehuao.
Nikafungua skrubu nne, nikazikuta hesi safi,
za kiwandani, zimelala miaka ishirini na saba
bila kuombwa kazi ya maana.
Hapo ndipo pa kuning'inizia.

Vyuma bapa viwili nilivikunja kwenye jiriwa
mpaka vikafuata mgongo wa dari.
Mabomba matatu ya alumini, mifupa ya kitalu cha nyanya
ambacho upepo wa Oktoba ulikibeba, ukakiacha kwa jirani.
Wavu alinipa Hortensia, wa vizimba vya samoni.
Nimeuchemsha mara mbili kwa magadi,
na bado, madirisha yakifungwa, unanisimulia kazi yake.

Susu ya nini, mtu wa chanjo kama wewe,
unayezunguka na kondoo wa watu?
Ya hereni za masikio, mia nne, ndani ya kopo la biskuti.
Ya kamba, soksi kavu, ramani isiyokubali kukunjwa.
Ya kibuyu cha yerba.
Chanjo haipandi, iko kwenye barafu, chini.
Wala jeki. Nilijaribu jeki siku moja, kwenye changarawe,
gari likayumba kama mtu aliyepokea habari mbaya akiwa wima.

Miaka yote jibu lilikuwa, "Hapana, Nélida."
Ruperto ana shingo ya guanako
na kichwa kinachopenda paa.
Kila shimo, ngo! Na kila ngo na tusi lake.
Ile nafasi ya juu ilikuwa yake, shubiri moja ya hewa tupu,
hewa niliyoibeba bure kutoka zizi hadi zizi
huku masanduku ya sindano yakinikalia mapajani.
Sasa yuko Calama, kwenye shaba,
zamu ya siku kumi na nne iliyogeuka miezi saba.
Hapigi simu. Anatuma pesa.
Sijui nihesabu lipi.

Jumamosi nilikaza nati ya mwisho.
Nibaldo akaingiza kichwa, akalaza pimamaji juu ya bomba,
povu likakimbilia upande wa abiria.
"Umekosea. Kulia kuko juu, vidole vinne vizima.
Wewe, uliyenifundisha kupima mara mbili?"
Nikamwambia gari lenyewe limepinda.
Akatazama magurudumu. Akatazama sakafu ya gereji,
sakafu aliyoimwaga kwa mikono yake, anayoijua ilivyo sawa.
Akafuta mafuta viganjani.
Hakuuliza.

Kwa hiyo sasa, kila kona ya kulia,
kopo la hereni linatambaa, linakuja,
kibuyu kinakuja, soksi zinaniangukia begani,
mali yote ya kule juu inahamia kwangu.
Nimekata mpira wa ndani wa baiskeli,
nikauzungusha kwenye bomba mahali pawili.
Unasaidia kidogo, siku za ukavu.

Pale palipoinuka hapakai kitu.
Hupaona nikigeuka kuangalia mto kama umepungua:
shubiri, kasoro kidogo.
Akiinamisha shingo, itamtosha.